Tabaka la Mawese

Leonia alikuwa mchora mabango, na mkono wake ulizoea majina ya mitumbwi na bei za chipsi. Picha ya ziwa hakuwahi kuichora. Aliianza kwa sababu mama yake, Honorata, alitaka kuiona tena nyumba yao ya Ujiji, ile iliyomezwa maji yalipopanda, wakahamia Buzebazeba.

"Na Bonifasi umweke mlangoni," mama alisema.

Bonifasi alikuwa kaka yake Leonia. Mtumbwi wake ulipinduka ziwani karibu na Ilagala, mwaka wa pili sasa, na mwili haukuonekana. Honorata alikataa katakata kuweka msiba mpaka mwanawe apatikane. Turubai halikufungwa, na majirani waliokuja na pole waliambiwa warudi nazo makwao. Leonia naye hakulia. Si kwamba alijikaza. Ndani palikuwa pakavu tu, na alishaacha kupagusa.

Alichukua karatasi ya mfuko wa saruji akachora kwa mkaa: nyumba, mlango, Bonifasi na wavu begani. Akamtazama. Sura ilikuwa yenyewe kabisa, na yeye hakusikia kitu. Basi akamfunika. Alishaona kwenye simu watu wakijenga picha kwa matabaka, akasema ngoja ajaribu. Alibandika karatasi nyembamba juu kwa uji wa muhogo, akapaka bluu ya kufulia ikawa ziwa, akanyunyizia mchanga pembeni, akaongeza kipande cha wavu wa dagaa. Si ndivyo kulivyo siku hizi? Palipokuwa na nyumba pana maji. Mama angenuna, lakini angezoea.

Ikabaki njia ya mwanga majini, jua linapozama upande wa Kongo. Rangi nyekundu ilikuwa imeisha. Mchoraji wa kwingine angekwenda dukani. Huyu wa Kigoma aliingia jikoni akachovya brashi kwenye mafuta mekundu ya mawese. Yaling'aa vizuri mno. Akaianika picha uani, akaenda kuandika bango la saluni.

Aliporudi alasiri, karatasi ilikuwa imekunywa mafuta yote. Aliyewahi kununua maandazi yaliyofungwa gazetini anajua kilichotokea. Karatasi ya juu ilikuwa inaonyesha ya chini, na katikati ya ziwa Bonifasi alikuwa amesimama, wavu begani.

Honorata alikuwa amekaa chini mbele ya picha. Chai yake ilikuwa imepoa.

"Nimekosea, mama. Nitaifunika tena."

"Usimguse. Kumbe yuko humo."

"Ni mafuta tu hayo."

"Mawese nayajua, Leonia. Nimeyakamua kabla sijakuzaa." Akasogeza kikombe pembeni. "Mimi nilikuwa namtafuta nchi kavu. Kila mlango ukigongwa, nasema ni yeye." Akajifuta uso kwa kitenge. "Amepatikana. Nenda kwa Mzee Eliakimu, mwambie atuazime turubai. Watu waje."

Leonia akaitikia. Njiani alijisikiliza kama kuna kitu kinakuja. Hakikuja. Alihesabu mabango aliyoyaandika mwenyewe mpaka akafika.

"Shikamoo, mzee. Mama anaomba turubai."

"Marahaba. La nini, mwanangu?"

Swali lilikuwa dogo, na tangu mtumbwi upinduke hakuna aliyemtaka aseme jibu lake.

"Kaka yangu," alisema, na sauti ikakatika hapo hapo. Alijaribu tena, ikakatika pale pale. Mzee Eliakimu akamsogezea kigoda, akaenda mwenyewe kulitoa turubai.