Usiku Mmoja Bila Mashine

Usiku wa kuamkia leo niliota nimepimwa kwenye mizani ya uwanja wa ndege, nikaonekana ni mzigo.

Sikushangaa sana. Mimi mwenyewe kazi yangu ni mizani. Huu ni mwaka wa kumi na tisa napima malori kwenye barabara kuu itokayo Mwanza, na dereva akidai mizani yangu inasema uongo huwa namjibu kwamba mizani haina mdomo. Ile ya ndotoni ilikuwa nao.

"Kilo themanini na tisa," ilisema. "Na kuna kitu kingine kifuani ambacho hakikuandikwa kwenye tiketi."

"Kitu gani?" aliuliza dada wa kaunta.

"Sijui. Ni kizito, na kina tarehe."

Mbele yangu kwenye foleni ilikuwa imesimama Mashine. Niieleze kidogo, maana wengi hawajawahi kuiona. Mimi nikilala, koo langu hujifunga. Pumzi inakatika, nakaa nusu dakika kama maiti, kisha nashtuka kama mtu aliyeibuka kutoka majini. Daktari alihesabu mara arobaini kwa saa moja. Akaniandikia mashine ndogo, ukubwa wa redio ya mezani, yenye bomba refu na barakoa ya kufunika pua, inayonisukumia hewa usiku kucha ili koo lisifunge. Inakula umeme. Popote ninapolala lazima pawe na soketi, na popote ninapokwenda naibeba kwenye mkoba wake wa kijivu. Miaka sita sasa sijawahi kulala usiku mzima bila yake.

"Hiki ni kifaa cha tiba," nilimwambia dada, kama ninavyosema kila safari. "Hakihesabiwi kuwa mzigo."

"Najua. Imeandikwa pale." Alionyesha tangazo ukutani. "Kisichokuwa mzigo ni abiria. Tiketi yenu ni moja. Kwa hiyo mzigo ni wewe."

Nilitafuta kosa katika hoja hiyo, sikulipata. Mashine iliulizwa kama inataka kukaa dirishani au njiani, ikasema dirishani. Mimi nilifungwa karatasi ya mzigo shingoni, na jina langu likaandikwa vizuri: MBONEA.

"Usijali," Mashine iliniambia kwa sauti yake ya kupuliza. "Kule chini si pabaya. Niliwahi kukaa huko, uliponificha kwenye begi la nguo, ile safari ya Upare."

Sikupenda iitaje safari ile.

Bora niiseme mwenyewe. Mwezi wa tatu mama yangu aliugua sana. Dada yangu Nakiete alinipigia simu, nikapanda ndege, kisha basi, kisha pikipiki, mpaka kijijini kwetu juu milimani. Kule nguzo za umeme zimeishia shule ya msingi. Kutoka hapo mpaka nyumbani kwa mama ni mwendo wa nusu saa, na hakuna hata waya. Jioni mama alinishika mkono akasema, "Lala hapa leo, baba." Nikamwambia nina kikao mjini Same asubuhi na mapema. Hapakuwa na kikao. Palikuwa na gesti yenye soketi. Sikutaka kumweleza mgonjwa kwamba na mimi ni mgonjwa, na sikutaka anione na bomba puani. Nikaahidi kurudi saa nne asubuhi. Saa kumi na moja alfajiri Nakiete alipiga tena.

Mama alikufa akiamini nilikuwa na kikao. Hicho ndicho kilichokuwa kifuani, na mizani haikukosea hata gramu moja.

Sasa niko kwenye tumbo la ndege, katikati ya masanduku. Sanduku moja la bluu linaniuliza nimefungwa kwa kufuli au kwa kamba. Nasema kwa karatasi tu. Linanihurumia. Mbele kuna mlango wa bati la kijani, na bati lile nalifahamu: ni la darasa la tatu la shule yetu. Nausukuma naingia.

Kwenye madawati wamekaa watu wazima kama thelathini, kila mmoja na barakoa yake, na mabomba yao yote yamepanda juu yakaingia darini. Ubaoni pameandikwa kwa chaki: MKUTANO WA WANAOLALA KWA MASHINE. AJENDA: MNATAKA NINI?

Mwenyekiti ni ekstensheni, ule waya wa kurefushia umeme, wa matundu sita. Anazungumza kwa tundu moja moja ili asituchoshe.

"Tuanze," anasema. "Mashine zitengenezwe vipi ili msafiri nazo kwa raha? Kila mmoja aombe kitu kimoja. Kitapitishwa kama kilivyosemwa."

Mama mmoja mnene anasimama. "Mimi nataka nyepesi. Nikisafiri na hii, mkono unakatika."

"Imepitishwa."

Mashine yake ikawa nyepesi. Ikawa nyepesi kupita hewa, ikapaa, naye akiwa ameshikilia bomba akapaa nayo mpaka kichwa kikagusa dari. "Hii ndiyo yenyewe," alisema kutoka huko juu. Hakuna aliyemshusha, kwa sababu kushusha hakukuwa kwenye ajenda.

Akafuata mwalimu mstaafu kutoka Singida, aliyekuja na mke wake. Alitaka isiyo na kelele, kwani mkewe analalamika kila siku. Ikapitishwa. Ukimya ukaingia kwenye mashine, ukapita kwenye bomba, ukaingia kwa mwalimu. Mdomo wake ukawa unacheza tu. Mke wake, aliyekuwa amekaa naye dawati moja, alitazama huku na huku akatuuliza kama kuna aliyemwona mume wake.

"Alikuwa hapa sasa hivi," nilimwambia.

"Hata nyumbani huwa nasema hivyohivyo," alijibu.

Kijana mmoja aliyevaa tai alitaka plagi inayoingia soketi ya nchi yoyote. Ikapitishwa. Plagi ikaingia kwenye soketi ya nchi ambayo haikutajwa, ikamvuta, tukabaki na kiatu chake kimoja. Katibu alikiandika kwenye muhtasari.

"Mbonea, mzigo," anasoma mwenyekiti shingoni kwangu. "Wewe unataka nini?"

"Betri."

Darasa zima linacheka. Kila anayelala kwa mashine anataka betri.

"Ya saa ngapi?"

"Ya usiku mmoja tu. Ule wa tarehe kumi na nne mwezi wa tatu. Nataka kwenda kulala kwa mama."

Sasa hakuna anayecheka. Hata yule mama wa darini ameacha kuzungushazungusha miguu. Mwenyekiti anafumba matundu yake moja baada ya jingine, anafikiri, kisha anafumbua lile la mwisho.

"Usiku huo upo," anasema. "Haukulaliwa. Ila betri ya kufika kule hatuna, na umeme wetu unaishia hapa shuleni."

"Basi nipeni waya mrefu."

"Waya mrefu ndio mimi," anasema kwa upole, "na mwisho wangu ni hapa."

Nikatoka nje. Jua lilikuwa la saa sita mchana. Mashine ilikuwa imeshashuka kwenye ndege na kunitangulia, imekaa chini ya nguzo ya mwisho na mkoba wake mapajani, kama mtu anayesubiri mwenzake amalize kuagana na watu.

"Mimi siendi zaidi ya hapa," ilisema.

"Nikilala bila wewe nitakufa."

"Inawezekana."

Mashine haijui kubembeleza. Ndiyo maana tumeishi vizuri.

"Siku ile," iliuliza, "uliogopa kufa?"

Nilitaka kusema ndiyo. Kwa Nakiete nilisema ndiyo, baada ya mazishi. Kwa mke wangu nilisema ndiyo. Lakini kusema uongo mbele ya kitu kinachoijua kila pumzi uliyovuta kwa miaka sita ni kazi bure.

"Niliogopa kuonekana," nilisema. "Nilikuwa nimeshampangia picha yangu kichwani mwake, mtoto mzima wa afya aliyefanikiwa. Sikutaka aifute siku za mwisho."

"Na miezi yote hii unanisingizia mimi."

"Ndiyo."

"Sijakasirika," ilisema Mashine. "Kazi yangu ni kupuliza."

Nikaivua karatasi ya mzigo, nikaifunga kwenye nguzo nisije nikapotea wakati wa kurudi, nikapanda mlima peke yangu. Niliogopa, nisidanganye. Kila hatua nilivuta hewa ya kutosha watu wawili.

Mama yuko uani. Anaanua nguo. Kamba imelemewa na kitambaa kimoja kirefu cheusi, kinachotoka kwenye mpera mpaka kwenye nguzo ya jiko, nami najua bila kuambiwa kwamba ndio ule usiku. Ameufua.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Umechelewa. Shika huo upande wa pili."

Naushika. Una baridi kidogo na unanukia sabuni ya mche. Tunaukunja mara mbili, mama akinisogelea na kurudi nyuma kama tulivyokuwa tukikunja mashuka nilipokuwa mdogo, kisha tunauingiza ndani na kuutandika juu ya kitanda. Chumba kinaingia giza mpaka kwenye kingo za kitanda. Dirishani bado ni mchana, kuku wanapekua.

"Kikao kilikwendaje?" anauliza.

Nilikuwa nimejiandaa kwa kila swali isipokuwa hilo.

"Hapakuwa na kikao, mama."

"Ehe."

"Nilikuwa na mashine. Ya kupumulia. Nikilala naacha kupumua, kwa hiyo nalala na bomba puani, na bomba linataka umeme. Nilikuona unaumwa, sikutaka kukuongezea. Na niliona aibu."

Mama akaketi pembeni ya kitanda. Alinyoosha kanga yake magotini, taratibu, kama vile kazi ilikuwa hiyo tu.

"Mimi nilidhani nyumba inanuka dawa," alisema. "Nilimwambia Nakiete afungue madirisha, labda utarudi."

Nililia. Sijui kueleza vingine. Nililia kwa sauti, mwanamume wa miaka hamsini na mbili, na sikumjali aliyekuwa anasikia. Siku ya mazishi nilisimama mkavu nikahesabu watu na sufuria, wakanisifu kwamba nimejikaza.

"Ungenionyesha tu," alisema mama. "Ningecheka, halafu ningezoea. Hilo bomba liko vipi?"

Nikamwonyesha kwa mkono, kutoka puani mpaka sakafuni.

"Kama tembo!"

"Kama tembo, mama."

Akacheka, akaniangalia, akacheka tena mpaka akashika mbavu. Kisha akaniuliza iko wapi nami nikasema imebaki shuleni.

"Basi lala."

"Nitaacha kupumua."

"Si jambo geni hilo. Ulipokuwa mchanga ulikuwa hivyohivyo, unajisahau. Nilikuwa nakubonyeza bega, unakumbuka, tunaendelea."

"Hukuwahi kuniambia."

"Na wewe hukuwahi kuniambia," alisema, bila hasira yoyote.

Nikalala upande wa ukutani.

"Na wewe, mama, hutalala?"

"Mimi nimeshalala sana, baba."

Koo likafunga. Nililisikia likifunga, kama mlango wa duka jioni. Nikashikwa bega. "Mbonea, pumua." Nikapumua. Likafunga tena, akanishika tena, kwa nguvu zaidi, na sikuweza kuhesabu zilikuwa mara ngapi. Nilikuwa na maneno mengi ya kumwambia, ya miezi yote hiyo, yamepangwa vizuri. Lakini nilikuwa usingizini, na kulala ndiko alikokuwa ameniomba.

Niliamka saa moja kasoro robo. Nilikuwa peke yangu nyumbani. Mke wangu yuko Geita wiki ya pili sasa, amekwenda kumsaidia binti yetu aliyejifungua. Barakoa ilikuwa usoni. Mashine ilikuwa kwenye stuli yake, haina taa, haina sauti. Nilibonyeza kitufe, haikuwaka.

Nje, jirani yangu Mzee Lugwisha alikuwa akimlalamikia mtu kwenye simu. "Tangu saa nne jana usiku! Nyama yote kwenye friji imeharibika!"

Mimi nilikuwa nimelala saa tatu na nusu.

Nilikaa kitandani nikisubiri kichwa kianze kuuma. Siku mashine ikizimika nikiwa nimesinzia hata saa moja tu, huwa naamka kichwa kinataka kupasuka. Hakikuuma. Nilikuwa nimelala vizuri kuliko nilivyolala tangu mwezi wa tatu.

Nikaenda kuoga. Kuvua fulana, bega la kushoto likaniuma. Niligeukia kioo. Palikuwa na madoa manne ya bluu, madogo, yamepangana juu ya bega, na la tano lilikuwa kwa nyuma.

Nilijaribu kuweka vidole vyangu juu yake. Vilikuwa vikubwa mno.