Zizi la Pili

Xaveria alikuwa akichora ramani za mashamba nyumbani kwake huko Ndama, kwa kompyuta mbili zilizokaa chumba kimoja. Alipotafuta programu ya kuhifadhi nakala, aliitaka ile rahisi, ya kunakili kutoka kompyuta moja hadi nyingine. Mumewe Novath, mfugaji, alikataa katakata.

"Kwetu ng'ombe hawalali wote zizi moja. Chukua inayopeleka nakala kwa intaneti hadi kompyuta ya dada yangu Kemigisha, kule Nyakatuntu."

Xaveria akaichukua ili tu asisumbuliwe.

Masika yalipofika, radi ikaunguza kompyuta zote mbili. Xaveria aliazima nyingine, na ramani zikarudi kutoka kwa Kemigisha, haikupungua hata moja. Akamwita mumewe.

"Yule mtamba uliyetaka kumpeleka Kituntu akalale zizi jingine, nikakugomea. Mpeleke."