Hodi ya Kutokea

Mama Eliaichi alikwenda Moshi harusini, akaniachia nyumba na mbwa wake, Popi. "Mpole, hana neno," aliniambia. Kweli, nilipofika Popi alinilamba mikono.

Asubuhi nilipotaka kutoka, akasimama getini na kunionyesha meno yote. Nilimpa andazi, akala, akanionyesha tena. Usaili wangu wa ualimu ulikuwa saa tatu, Ubungo. Nikapiga simu.

"Shikamoo, mama. Popi hataki nitoke."

"Marahaba. Kumbe hajaacha?"

"Hajaacha nini?"

"Anapenda wanaoingia tu. Baba Eliaichi hutokaga kinyumenyume, anapiga hodi."

"Mama, mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia, ungekubali?"

Nilikumbatia bahasha ya vyeti, nikaigeukia nyumba, nikaanza kurudi nyuma kuelekea getini. "Hodi. Hodi hapa."

Popi akanipisha, mkia ukicheza. Nje, jirani wa pale, Mzee Mwishehe, aliuona mgongo wangu ukichomoza getini.

"Karibu, binti," akajibu kwa heshima.

Nilifunga geti. Kwenye upenyo nilimwona Popi bado anatikisa mkia, akimsubiri mgeni wake aingie.

"Nisamehe, Popi," nikanong'ona, kisha nikakimbia.