Maji ya Nyumba ya Placide

Kwetu Kasha mjane haingii jikoni. Tangu mume anapotolewa nyumbani mpaka siku ya kuondoa kilio, anakaa kwenye mkeka, kitambaa kichwani, anapokea pole. Kazi yote inashikwa na wamama wa shirika, wale majirani anaosali nao kila juma. Ni heshima, na Séraphine aliipokea kama heshima. Lakini siku ile masikio yake hayakukaa mkekani pamoja naye. Alisikia bidoni, yale madumu ya maji, zikituliwa nyuma ya nyumba, akasikia maji yakimiminwa ndani ya pipa, na moyo wake ukauliza neno ambalo mdomo wa mjane hauulizi: maji hayo, nani ameyaangalia?

Maana katika nyumba ile mtu wa maji alikuwa marehemu mumewe, Placide mwenyewe.

Alikuwa seremala, mtu wa mikono mikubwa na maneno machache. Robine, bomba la maji la Kasha, ina tabia ya mgeni mwenye kiburi, inakuja ikipenda na kuondoka bila kuaga. Ikikauka, watu wanashuka kisimani, na baada ya mvua maji ya kisima yanapanda na rangi ya chai ya maziwa. Placide hakuamini haya wala yale. Yote aliyaacha yatulie, akayachuja kwa kitambaa cheupe, akapima klore, dawa ya maji, kwa kizibo cha chupa, akangoja kadiri ya mtu kumaliza rozari na kuongea kidogo na jirani. Kisha alifanya jambo ambalo watoto wa mtaa walikuja kulitazama kama mchezo. Alishika mabeseni mawili, moja juu ya kichwa na moja chini ya kiuno, akamimina maji kutoka juu hadi chini, akabadilisha mikono, akamimina tena, na hakuna tone lililoanguka.

"Ninapigisha maji upepo," alisema. "Harufu ipande, maji ibakie."

Walimwita Papa Klore, naye alicheka. Hakuwaambia kwamba alipokuwa kijana kule Sange, ambako wazazi wake walihamia kulima, kipindupindu kilimchukua dada yake mdogo kati ya asubuhi na jioni. Aliyejua ni Séraphine peke yake. Kwa wamama wa shirika alisema neno moja tu, na alilisema kwa kila mmoja mlangoni kwake: "Ukikuta maji mu nyumba, usiulize ni ya nani. Weka dawa."

Halafu tumbo likamshika. Alivumilia kama wanaume wanavyovumilia, mpaka akashindwa kusimama. Hospitalini walisema utumbo umetoboka, wakampasua, lakini hakuamka. Barabara ya Sange ilikuwa imefungwa siku hizo, kwa hiyo walimzika kabla kaka yake mkubwa, Mugisho, aliyebaki kule, hajafika.

Hapo ndipo palipokuwa na mwiba. Mtu mwenye nguvu, tumbo, siku chache, kaburi. Watu wa kwetu wakisikia maneno hayo yamefuatana hivyo, wanaongeza lao kimoyomoyo: karuho, ile sumu ambayo mtu anatiliwa katika kinywaji na rafiki anayemchekea. Na karuho ikishatajwa, macho hayaendi hospitalini. Yanaenda kwa aliyepika. Séraphine alikuwa ameiona nyumba moja kule Bagira ambamo mama mwenye nyumba alishukiwa hivyo. Hakufukuzwa wala kupigwa. Watu waliacha tu kunywa kwake, na binti zake wakazeeka bila kuposwa. Séraphine naye alikuwa na binti, Gloire.

Mugisho alifika siku ile alasiri, vumbi la safari likiwa bado kwenye nyusi. Alilia mbele ya picha ya ndugu yake, akalia sana, kisha akakaa kwenye benchi karibu na binamu yao Théodore, mtu ambaye hakosi neno. Maman Constance, mwembamba, mwepesi wa miguu, akaleta vikombe vya maji kwenye sinia.

Kwetu, anayempa mgeni kinywaji anaonja kwanza, mgeni akimtazama. Ndiyo sheria. Lakini kwenye kilio nani aonje? Mwenye nyumba yuko mkekani. Anayehudumia anagawa maji yasiyo yake. Basi hakuna aliyeonja. Mugisho aliinua kikombe, kikafika chini ya pua, kikasimama. Akakiweka sakafuni, kando ya kiatu chake.

"Hii maji inanuka," alisema.

"Ni dawa, papa," Constance akajibu.

"Dawa gani?"

Kabla Constance hajajibu, Théodore akaweka kikombe chake chini. Mzee aliyekuwa kando yake akaweka chake. Séraphine alivisikia kimoja kimoja vikigusa sementi, tk, tk, mpaka mlangoni, na kila kimoja kilikuwa kama msumari.

"Ndugu yangu alikunywaka mu hii pipa?" Mugisho aliuliza. Hakumtazama mjane. Aliitazama picha.

Séraphine akasimama.

"Kaa, Mama Gloire," Maman Laurette alinong'ona, yeye aliyekuwa mkubwa wa shirika. "Mjane hasimamake."

Hakukaa. Aliokota kikombe cha Mugisho na kukinywa mpaka nusu. Maji yalimkwaruza koo, macho yakamjaa machozi yasiyo ya kilio. Yalikuwa makali kama ya kufulia mashuka. Haya si maji ya Placide, alijua mara moja.

"Shemeki, nimeonja," alisema.

"Mwenye kupika anajuaka na dawa ya kujikomboa," Théodore aliiambia sakafu, kwa sauti ambayo wote walisikia.

Mtu mwingine angejitetea. Séraphine aligeukia mlango wa nyuma. "Maman Constance, nani aliweka klore mu pipa?"

"Miye. Nilipima na kizibo, vile marehemu alitufundisha."

"Weye?" Laurette akashtuka. "Lakini miye niliweka asubuhi, mbele hujafika!"

Kutoka jikoni, Maman Marie-Louise, mnene, mwiko mkononi, akachungulia taratibu kama mtoto aliyevunja sahani. "Bamaman… na miye niliweka. Niliona ni maji ya kisima, nikasema, nikiacha hivi Papa Placide atanifuata mu ndoto."

"Marie-Louise!"

"Alisema usiulize ni ya nani! Sikuuliza!"

"Na miye sikuuliza," Constance akadakia.

"Basi njo tumeipika maji kama majani ya sombe!"

"Pipa yenyewe imelewa," mtu akasema mlangoni, na kicheko kikapita nyumba nzima, kile kicheko cha kilio ambacho watu wanakifunika kwa mikono. Hata mzee wa karibu na Théodore alitikisika mabega.

Mugisho hakucheka. Kikombe chake kilikuwa bado mkononi mwa Séraphine, nusu tupu, na nusu tupu haitoshi. Séraphine aliliona hilo.

"Nileteeni mabeseni," alisema.

"Mama Gloire, mjane hagusi kazi," Laurette akaonya.

"Hii ni kazi ya bwana yangu. Nitaigusa."

Wakaleta. Akachota maji ya pipa kidogo, akaongeza maji yaliyochemshwa kwa chai na kupoa ndani ya sufuria, mengi kuliko yale ya pipa. Akasimama mlangoni penye mwanga. Akainua beseni moja juu ya kichwa.

Mara ya kwanza maji yalimwagikia kitenge chake. Hakuwahi kufanya kazi ile maishani mwake. Alikuwa ameitazama tu, asubuhi baada ya asubuhi, akiwa ameketi na mboga zake mapajani. Mara ya pili bega lilikumbuka kitu ambacho kichwa hakikujua kuwa kinakijua. Maji yalishuka marefu, meupe, bila kukatika, akabadilisha mikono, yakashuka tena. Kulikuwa na sauti ile tu, sauti aliyodhani imezikwa.

"Nani alikufundisha kumwaga vile?" Mugisho aliuliza. Sauti ilikuwa imebadilika.

"Hakunifundisha. Nilikuwa namuangaliaka tu. Anasema anapigisha maji upepo."

"Upepo!" Mugisho akatikisa kichwa. "Ile ni mama yetu. Alikuwa anapoza bouillie, uji yetu, vile, mukono juu, mukono chini, na sisi tunangoja na vibakuli. Mudada yetu anasimama mbele, kwa sababu ni mudogo. Anapewa wa kwanza."

Séraphine alishusha mabeseni. Miaka yote ile alifikiri mumewe anafukuza harufu. Sasa alimwona upya, kijana wa Sange ndani ya seremala, akimpozea mtoto ambaye hakuweza tena kuja na kibakuli chake.

Alijaza kikombe, akakipeleka mdomoni aonje, kama sheria inavyotaka. Mkono wa Mugisho ukakidaka njiani.

"Acha, shemeki. Uliisha kuonja mbele ya batu yote."

Akanywa mpaka mwisho, akakipindua kikombe juu chini wote waone, akakirudisha kwa mikono miwili. "Pole," akamwambia. Alikuwa bado hajampa pole tangu aingie.

Vikombe vikaanza kuinuka sakafuni. Théodore alinyoosha chake naye, polepole, akitazama pembeni.

"Weye ngojea," Maman Laurette akamwambia. "Yako, dawa tutaipima na ndoo."

Kesho yake Séraphine hakumsindikiza Mugisho, maana mjane hafiki barabarani. Constance ndiye aliyemweleza. Alisema Papa Mugisho aliomba bidoni ya maji kabla ya kuondoka, na hakuiweka chini ya kiti cha gari na mizigo mingine. Aliipakata. Watu wa Kasha waliokuwa pale wakamtania: papa, unabeba maji mpaka Sange, kule mvua haijue kunyesha?

"Akajibu nini?" Séraphine aliuliza.

"Akasema kwa nguvu, hata dereva alisikia: 'Iko maji ya kwa ndugu yangu. Muke yake njo aliitengeneza.'"

Séraphine aliinamisha kichwa. Nyuma ya nyumba bidoni zilikuwa zinatuliwa tena, na Laurette alikuwa akifoka, akiuliza kila mtu anayepita, kwa sauti ya mlinzi wa benki, kama ameweka klore au hajaweka.