Kifua cha Ta Yoeli

Yoeli Ndyamukama, fundi cherehani wa mtaa wa Hamugembe, Bukoba, hakuwa na gari. Hakuwa na shahada, kwa kuwa elimu yake aliifuata katika madarasa ya jioni akiwa tayari na ndevu. Hakuwa na nywele utosini, wala subira na mtu anayekosea ngeli za Kiswahili. Na kama mwanamume yeyote aliyekamilika, hakuwa na matiti. Hilo la mwisho ndilo alilokuwa na hakika nalo kuliko yote, na ndilo lililokaribia kumwua.

Nusu ya wanawake wa mtaa walikuwa wamepimwa kwa futi kamba yake. Aliwaandikia kifua, kiuno, nyonga, kwa adabu iliyosifiwa hadi kanisani. Neno titi hakulitamka hata siku moja. Alisema ni neno la zizini.

Kwa hiyo kilipoota kitu kigumu kama punje ya kahawa nyuma ya chuchu yake ya kushoto, Ta Yoeli, kama mtaa ulivyomwita kwa heshima, alifanya kama wafanyavyo watu walioelimika: alinyamaza. Hakikumuuma, na kisichouma, alijiambia, si ugonjwa. Chuchu ikaanza kujivuta ndani, kama kifungo kilichoshonwa kwa uzi uliokazwa mno. Akanyamaza zaidi. Kisha mkewe, Kokuberwa, akakuta tone la damu kwenye shati jeupe la ibada, akauliza limetoka wapi. Fundi akajibu kuwa ni wino wa kalamu. Kalamu yake ilikuwa ya bluu.

Shati la pili lilipotoka na doa, akaenda zahanati kwa siri na kumweleza mhudumu, kwa Kiswahili kilichonyooka, kwamba ana kifua. Sasa, nchi hii nzima, mtu akisema ana kifua, maana yake anakohoa. Alipewa kikopo cha makohozi. Akajitahidi, kwa sababu alikuwa mtu wa kutii, lakini hakupata kitu. Akapigwa picha ya mapafu, ikatoka safi. Akapewa dawa ya maji ya kikohozi, akainywa chupa baada ya chupa bila kukohoa, na ile picha akaitundika dukani ili wateja waone kifua cha mwanamume asiyevuta sigara. Hakuna aliyemwambia avue shati, na yeye hakuona sababu ya kuwachosha watumishi wa umma. Huku nyuma punje ya kahawa ilikuwa imekua kama kokwa ya fenesi.

Jumapili moja Kokuberwa alikuwa akimfunga vifungo vya shati, mkono ukagota. Akapapasa tena.

"Yoeli, una uvimbe kwenye titi."

"Wanaume hawana vitu hivyo."

"Basi unachokinywea dawa ya kikohozi ni nini, kiwiko?"

Kesho yake walikuwa mjini, kliniki ya matiti, kwenye benchi lililojaa wanawake. Kwa bahati yake, wengi walikuwa wateja wake. Maulida, muuza vitenge, alimwamkia kwa heshima zote, kisha akauliza: "Ta Yoeli, umetufuata na futi kamba yako hata huku?" Benchi zima likacheka. Fundi akasema amemsindikiza mkewe. Muuguzi akatoka, akaita kwa sauti ya kwaya: Yoeli Ndyamukama, vua shati. Maulida hakucheka tena. Alisogea kumpisha.

Daktari aliitwa Farida, mwanamke wa umri wa binti yake. Alimpapasa titi lote na makwapa yote mawili, akamfanyia altrasaundi, kisha akachoma sindano na kutoa kinyama kidogo cha kupimwa. Majibu yaliporudi, alimkalisha pamoja na mkewe.

"Mzee wangu, ni saratani ya titi."

Fundi alimsahihisha kwa upole: pengine alikusudia kusema ya kifua.

"Ya titi, mzee. Kila mtu analo. La mwanamume ni dogo tu, na kwenu wanaume ni nadra, lakini saratani haishoni kwa vipimo vya nguo."

Akaeleza bila kuzunguka. Uvimbe haukuwa umefika mbali. Wangeondoa titi, wangepima tezi za kwapani, kisha angemeza vidonge kila siku kwa miaka, na huenda akahitaji mionzi Mwanza. Angekuja mapema zaidi, kazi ingekuwa ndogo zaidi. Kisha akauliza kama kuna ndugu wa damu aliyewahi kuumwa hivyo.

"Hakuna," alisema fundi. "Dada yangu Jovita, kule Kishanda, alikufa kwa kifua."

"Kifua cha kukohoa?"

Ta Yoeli alikumbuka gauni la mwisho alilomshonea Jovita, jinsi alivyoambiwa alegeze upande mmoja kifuani, na jinsi alivyolegeza bila kuuliza. Msibani ni yeye aliyesimama kusoma wasifu, na neno kifua alilichagua mwenyewe, kwa heshima ya marehemu.

"Hakukohoa," alisema.

Daktari akauliza kama dada huyo aliacha binti. Alimwacha Lilian, mwenye mgahawa kisiwani Goziba. Basi Lilian asingoje uvimbe, alisema daktari. Aje apimwe, kwa sababu saratani hii wakati mwingine hupita katika damu ya ukoo.

Lilian hupokea simu kwa spika, mikono ikiwa kwenye unga, na wavuvi wote husikiliza. Kwa hiyo jioni ile, siku moja kabla ya kulazwa, fundi alikaa mbele ya cherehani na karatasi. Aliandika *kifua*, akakata. Aliandika *ugonjwa wa kina mama*, akakata, kwa kuwa sasa jina hilo lilikuwa limekosa maana. Mwishowe akaandika:

*Mwanangu Lilian, mama yako hakufa kwa kifua. Alikufa kwa saratani ya titi, na mimi, mjomba wako, ninayo hiyo hiyo katika titi langu la kushoto. Njoo Bukoba upimwe. Ukiulizwa una nini, taja titi. Usiwe na adabu kama yangu.*

Akaisoma kwa sauti, Kokuberwa akisikiliza. Akaitia katika bahasha, akaipaka gundi, na kwa kuwa hakuiamini gundi, akaipitisha kwenye cherehani, mshono maradufu pande zote. Asubuhi, akiwa njiani kwenda hospitali, alimkabidhi Muksini, mtu wa boti ya Goziba. Muksini aliigeuza, akauliza kuna nini humo cha kushonwa namna ile.

"Titi," alisema Ta Yoeli. "Mpe mkononi."