Muti wa Kuangalia

Watu wa Kitshanga watakusamehe mengi. Ukilewa kasiksi ukaanguka katikati ya soko, watakuokota, watakucheka, kesho wamesahau. Ukigombana na bibi yako mpaka sufuria zinaruka mlangoni, watasema ni mambo ya ndoa. Lakini mwanamke mzima, mwenye afya yake, akae asubuhi kwenye kiti akiangalia kichaka, mikono haimenyi viazi, haifumi kitu, mdomo hausali rozari? Thubutu! Hilo halina msamaha.

Basi Généreuse alikaa. Kila asubuhi alitoa kiti nyuma ya nyumba, akashika kikombe chake cha chai, akakaa kuangalia bustani. Wapita njia walimsalimia kwa ile sauti ya kumsalimia mgonjwa.

"Mama Généreuse, uko muzima?"

"Niko muzima. Niko naangalia ndege."

"Wanakuibia mbegu?"

"Hapana. Ninawaangalia."

Wakaenda zao wakitikisa vichwa. Wengine walisema ni ujane unamsumbua. Wengine walisema anapima shamba la watu kwa macho, na hao ndio walioleta balaa.

Généreuse alizaliwa Buleusa, huko Walikale, kwenye ukingo wa msitu. Baba yake alikuwa mwindaji, na alimfundisha kukaa chini ya mti bila kutikisika mpaka msitu usahau kama kuna mtu. Baba alinyamaza ili apate nyama. Binti alipenda kule kunyamaza kwenyewe, nyama akamwachia baba. Baadaye vita vilimfukuza Buleusa, vikamfukuza tena mahali pa pili, na mume wake akafa kwa homa njiani. Alifika Kitshanga na mzigo mmoja kichwani. Alilala kambini, chini ya hema, kwenye matope, hadi alipopata nyumba ya kupanga kwa Papa Evode: vyumba viwili, mabati yasiyovuja, na nyuma yake kashamba kadogo.

Masharti yalikuwa yale ya Masisi nzima, upande wetu huu, hayahitaji karatasi. Mpangaji apande kinachovunwa kikaisha: maharagi, mahindi, lengalenga, viazi. Migomba, kahawa, avoka, miti ya aina yoyote, marufuku. Anayepanda kitu cha kukaa anataka kukaa nacho, na akikaa sana, wajukuu wake watasema kilima ni chao. Tumeyaona hayo. Kuna watu wamezikwa kwa sababu ya mstari wa migomba.

Généreuse alitii. Maua yake ya dalia, aliyoomba kwa masista wa misheni, aliyapanda kwenye makopo na mabidoni yaliyopasuka. Sasa sikiliza, maana ukweli huu hakuna aliyeuamini. Msimu mmoja alikata fito za kusimamishia maharagi, na fito moja ilikuwa ya umuko, ule mti wa miiba ambao watu wa vilima huuchomeka kwenye mipaka ya mashamba. Maharagi yakavunwa, fito zikang'olewa zikawa kuni, ile moja ikagoma. Ilikuwa imeota mizizi. Akaivuta, ikakataa. Akavuta tena, akacheka, akaiacha.

"Basi kaa," akaiambia. "Hata miye nimeng'olewa vya kutosha."

Mwanzo ilitoa majani tu. Baadaye, kiangazi kimoja, ikatoa maua mekundu kama makaa ya jikoni, na maua yakawaita ndege wale wadogo wa chozi, wenye mdomo uliopinda. Dume limevaa kijani kinachong'aa na kifua chekundu, kazi yake kuimba na kufukuza wenzake. Jike ni la kijivu, halina hata pambo moja, na ndilo lililobeba nyuzi za buibui na majani makavu kutwa nzima, likafuma kiota kinachoning'inia kwenye tawi, na mlango wake ubavuni.

"Kama kwetu tu," Généreuse alimwambia jirani yake Murekatete, mpangaji mwenzake. Murekatete alicheka mpaka akashika ukuta.

Mayai yakaanguliwa. Généreuse aliona midomo midogo ya manjano ikifunguka kwenye mlango wa kiota, na siku hiyo alifurahi kama mtu aliyepata wageni kutoka kwao. Ndiyo siku ileile aliyofika Papa Evode, akiwa ameshasikia maneno ya wale wa kupima shamba kwa macho.

Papa Evode hakuwa mtu mbaya. Niseme hivyo mapema, maana nitamsema. Kaka yake alimpa mtu mahali pa kulima, yule mtu akapanda migomba, na leo kaka huyo anaomba ruhusa ya kupita kwenye shamba lake mwenyewe. Kwa hiyo Papa Evode aliposhuka kutoka malishoni kwa ng'ombe wake akakuta umuko unawaka maua nyuma ya nyumba yake, moyo ulimruka.

"Mama Généreuse, hii ni nini?"

"Ni ua, Papa. Karibu. Nikuletee chai?"

"Miye naona umuko. Umuko iko muti wa mupaka. Nani amekutuma kunipandia mupaka ndani ya parsele yangu?"

"Hakuna mwenye alinituma. Ilikuwa fito ya maharagi. Imeota yenyewe."

"Yenyewe!" Papa Evode alipiga makofi mara moja, kwa mshangao. "Unakula matunda yake?"

"Hapana."

"Unauza? Iko dawa?"

"Hapana, Papa."

"Sasa inakusaidia nini?"

"Inanifurahisha."

Papa Evode alimtazama kama mtu anayedanganywa mchana kweupe. "Muntu hapandi muti ju ya kufurahi, Mama. Utaing'oa. Siku ya Mungu, kisha misa, nakuja na nyumbakumi. Kama nikuta ingali inasimama, utafute nyumba ingine."

"Papa, kuna kiota. Batoto ya ndege hawajaota manyoya. Uningojee waruke."

"Kandege njo kanakuzuia?"

"Njo kenyewe. Kama unaona nakudanganya, kuja kesho asubuhi, ukae na miye, utaona mwenyewe."

Akaja kweli. Alikuja na mabuti yake na fimbo ya ng'ombe, akakaa kwenye kiti kama mtu anayengoja sindano. Hakupita muda akakohoa.

"Iko wapi?"

"Nyamaza kidogo, Papa."

Akanyamaza. Akajikuna. Akageuza kiti. Mara simu yake ikalia, mziki wa kwaya kwa sauti ya juu kabisa, na Papa Evode akaanza kumfokea mchungaji wake juu ya ndama anayeharisha. Dume la chozi lilikuwa limeshafika juu ya lupango, ule uzio wa nyumba. Lilisikia habari za yule ndama, likageuka, likaenda kwa jirani. Jike halikuonekana kabisa.

"Nimeangalia," akasema Papa Evode akisimama. "Hakuna kitu. Iko muti tu."

Akaondoka akiwa na hakika zaidi kuliko alivyokuja. Généreuse alibaki pale na hasira yake, chai ikapoa bila kunywewa.

Murekatete alimjia na maneno ya akili, na maneno ya akili ndiyo yanayouma. "Dada, nyumba ao ua? Chagua. Umesahau hema? Umesahau yale matope, mvua inakunyeshea kitandani?"

Hakuwa amesahau. Aliogopa, tusidanganyane. Kitshanga ilijaa watu, na nyumba yenye mabati mazima ilikuwa ngumu kupata kuliko mume mwema. Tena kung'oa kwenyewe kungekuwa kazi ya mara moja: jembe hapa, panga pale, kiota chini, kwisha. Nani angemlaumu?

"Nimeacha nyumba," akamwambia Murekatete. "Nimeacha shamba. Nimeacha kaburi ya bwana yangu kando ya njia. Kila mara nilisema ndiyo, ninaenda. Wenye bunduki niliwaambia ndiyo. Leo muntu wa fimbo ya ng'ombe anataka niangushe batoto ya ndege kwa mukono yangu, ju hajui kufurahi ni nini. Nimuambie ndiyo tena? Apana. Nimechoka na ndiyo."

"Utalala wapi?"

"Sijui."

Na kweli hakujua.

Jumapili watu walitoka misa wakapitia kwa Généreuse na nguo zao nzuri, maana habari ilikuwa imeshazunguka kartie nzima, nyumba kwa nyumba. Papa Evode alikuja na Darius, nyumbakumi anayeamua magomvi ya majirani, mtu anayependa amani na chakula cha mchana kwa kipimo kimoja. Vijana wa moto, wale wanaobeba abiria, walizima pikipiki zao wakaegemea lupango. Juu ya umuko dume la chozi lilipiga kelele bila kupumzika, likiwatukana wote kwa lugha yake.

"Ng'oa, Mama," akasema Papa Evode.

"Sing'oi."

"Darius, umesikia?"

Darius alijipangusa uso. "Mama Généreuse, muti mumoja tu! Ng'oa, twende tukule."

Généreuse akaingia ndani. Watu walidhani anakwenda kufunga vitu vyake, na mama mmoja alianza kusikitika kwa sauti. Lakini alitoka na panga mkono huu na jembe mkono huu, akaviweka chini, mbele ya mabuti ya Papa Evode.

"Papa," akasema. "Nasema mbele ya bote. Parsele hii ni ya Papa Evode. Miye niko mupangaji, hata konzi ya udongo si yangu. Mumesikia? Sasa Papa, weye nijibu. Hii kitu ni ua, ao ni muti wa mupaka? Kama ni ua, sina kosa, hakuna sheria ya kukataza maua. Kama ni muti wa mupaka, basi shika panga. Mupaka ya shamba yako utang'oa weye, kwa mukono yako. Ng'oa, tunakuangalia."

Loo! Hata walioegemea lupango walirudi nyuma hatua moja.

Kwa maana kila mtu pale alijua, na wewe kama ni wa huku unajua: mti wa mpaka hauguswi hovyo. Wazee walisema mkono unaoung'oa, shamba litaukataa. Wakristo nao wana laana yao kwa anayechezea mipaka, na katekista alikuwa haachi kuikumbusha. Ndiyo maana Papa Evode hakuja na jembe. Alitaka mwanamke wa Buleusa ang'oe mwenyewe, na kama kuna laana, iende naye kambini.

Papa Evode aliangalia panga. Akaangalia vijana wa moto.

"Vijana, nani atanisaidia?"

Vijana wakakumbuka ghafla kuangalia viatu vyao. Mmoja akasema, "Papa, miye mama yangu iko mugonjwa," na mama yake, aliyekuwa amesimama pale pale na kitenge kipya, akampiga kofi la kisogo. Watu wakaangua kicheko.

"Mama Généreuse," akasema Papa Evode taratibu, jasho likimtoka, "umekuwa mujanja."

"Sijakuwa mujanja. Nimekasirika. Jibu, Papa. Watu wana njaa."

Papa Evode alichora chini kwa ncha ya fimbo yake. Akafuta kwa buti. Mwishowe akasema jambo ambalo hata mwenye masikio mazuri hakulisikia.

"Hatujasikia," akasema Généreuse. "Murekatete iko mbali, hajasikia kabisa."

"Ni ua!" Papa Evode alipaza sauti. "Nimesema ni ua! Darius, weye ni shahidi. Haiko mupaka, haikuwa mupaka, haitakuwa mupaka. Iko ua!"

"Na nyumba?" akauliza Murekatete kutoka nyuma.

"Abaki! Nani anamufukuza muntu ju ya ua? Miye niko mwehu?"

"Asante, Papa," akasema Généreuse.

Darius akashusha pumzi kama aliyetua gunia. Watu wakaanza kutawanyika, Papa Evode akainama kupangusa vumbi kwenye mabuti yake, akiwa na heshima yake nusu, na nusu si haba. Mambo yangeishia hapo. Mwanamke mwingine angesema Mungu ametenda, akaingia ndani kupika.

Généreuse akaokota jembe. Akazunguka nyumba hadi mbele, pale njia kubwa inapopita, pale ambapo kila anayekwenda sokoni hugeuza kichwa. Akapima kwa hatua, akafunga kitenge kiunoni, akaanza kuchimba.

Papa Evode alimfuata mbio. "Mama, unafanya nini?"

"Nachimba shimo."

"Shimo ya nini?"

"Nataka kupanda ingine hapa mbele. Ile ya nyuma watu hawaione muzuri."

"Mama Généreuse!"

"Ni ua, Papa," akasema bila kuinua kichwa. "Umesema mwenyewe, mbele ya nyumbakumi."

Papa Evode akamtafuta Darius kwa macho. Darius alikuwa ameshafika mbali, anakimbilia chakula. Na Murekatete, aliyekuwa amemshauri mwenzake anyenyekee, alivua viatu vyake vya misa, akaviweka juu ya jiwe, akauliza shimo liwe na upana gani.