Kibao cha Washonaji Kilipong'olewa

Asubuhi ambayo vibarua wa halmashauri walikuja kung'oa kibao cha Mtaa wa Washonaji, msusi alikuwa kibarazani anamfumua mteja nywele. Hakuinuka. Aliwatazama wakipachika kibao kipya, Barabara ya Mfadhili, wakapiga picha mbele yake, wakapanda gari wakaenda zao. Mteja akauliza kama sasa wataletewa na taa. Msusi akamwambia ainamishe kichwa.

Alasiri dada yake akarudi nyumbani.

Dada huyo alikufa zamani, msusi akiwa bado mtoto wa shule. Karakana ya nguo iliyokuwa mwisho wa mtaa iliwaka moto, na mlango ulikuwa umefungwa kwa nje ili washonaji wasitoke kabla ya saa. Waliotolewa humo hawakutambulika, wakazolewa pamoja na kifusi. Majirani waliobaki wakaung'ang'ania mtaa mpaka ukapewa jina la washonaji hao. Mwenye karakana naye akajenga zahanati, akachimba kisima, na watu wakazoea kumwita Mfadhili.

Dada aliingia na gauni lake la kazini, sindano zimechomekwa kifuani, msichana vile vile. Msusi, ambaye magoti yalikuwa yameshaanza kumsumbua, alifuta mikono akampa shikamoo.

"Marahaba. Umenenepa," dada akasema. "Mama yuko wapi?"

"Alifariki."

"Basi yeye hatarudi. Ana kaburi, na kaburi lina jina." Akavua viatu, akavivaa tena. "Sisi tulikuwa tunalala kwenye jina la mtaa. Wamelitoa, hatuna pa kulala."

Jioni ile ikawa hivyo karibu kila nyumba. Fundi viatu wa ng'ambo ya mtaa alimpata mama yake, binti mbichi kuliko wajukuu zake, akamwachia kitanda. Shida kubwa ilikuwa magodoro.

Shida nyingine ni kwamba hawakutulia. Dada alitoka jikoni akaenda uani, akarudi, akafungua dirisha, akafungua kabati, akatoka tena. Mlango uliofungwa hakuuweza, hata wa bafuni. Msusi akajifunza kuoga mlango ukiwa wazi, akiimba kwa sauti ili watu wajue yumo. Usingizi ukampungukia. Naye akaanza kutembeatembea, kitana mkononi, bila kujua anatafuta nini.

Mwisho akasema, "Twende halmashauri."

Ofisa wa majina ya mitaa alikuwa mtu mpole mwenye mafua. Aliwapa viti. Msusi akakaa. Dada akabaki mlangoni, ameuzuia kwa mguu.

"Tunaomba jina letu," dada akasema.

"Jina lile liliwekwa kwa ajili ya marehemu," ofisa akajibu. "Sasa marehemu mwenyewe umekuja kwa miguu yako. Nikikirudisha kibao, nitakuwa namkumbuka nani?"

"Kumbuka mlango."

Ofisa akapenga kamasi. "Milango iko idara nyingine."

"Aliwafungia," msusi akasema. "Unamweka juu ya vichwa vyao mtu aliyewafungia."

"Mama yangu, mzee wa watu hata hakumbuki tena. Na familia yake ndiyo inayoweka lami. Jina limekuja na lami."

"Basi hata chini yake, kwa herufi ndogo."

"Kibao kina kipimo chake," ofisa akasema, na kweli alionekana kusikitika.

Kurudi, dada alitembea mbio mbio na msusi akabaki nyuma akihema. Walipofika penye kibao kipya, dada akamsubiri, akizunguka nguzo.

"Usijisumbue kulia," akamwambia.

"Silii. Nawaza tu kwamba nililitaja jina lile maisha yangu yote, na siku nyingi hata sikukufikiria."

"Tulikuwa tunawasikia. Mtu akiagiza mkaa, anatutaja. Mtoto akiulizwa anakaa wapi, anatutaja. Hamkutufikiria, lakini mlitutaja. Ilitutosha, mdogo wangu."

Lami ikawekwa, nzuri, bila mashimo. Mfadhili alipofariki, mazishi yake yalipita hapo hapo, na washonaji waliorudi wakasimama pembeni kupisha magari, wakibadilisha mguu huu na ule. Yeye hakurudi.

Dada akajifunza kusuka. Alikuwa na mkono mwepesi na hakuhitaji kukaa, akimzunguka mteja kama anayempima nguo, na wateja wakampenda. Ila wateja wapya walikuwa wanapotea. Msusi aliapa kwamba jina jipya halitatoka kinywani mwake, hivyo akipigiwa simu aliwaambia Mtaa wa Washonaji, nao wakazunguka mjini mpaka wakaishia kwa wasusi wengine.

Siku moja alipiga simu bibi harusi mtarajiwa, gari limejaa wasimamizi wake, wote wanataka kusukwa.

"Mtaa wa Washonaji," msusi akasema.

"Nauliza watu, hawaujui."

"Uliza wakubwa."

"Dada, nimeshauliza wakubwa."

Ndipo dada akaichukua simu mkononi mwa msusi, taratibu, bila ugomvi.

"Barabara ya Mfadhili," akasema. Mtandao ulikuwa unakatika, akalirudia, akitamka kipande kwa kipande ili msichana yule asikosee. "Eeh, Mfadhili. Ukiingia tu, tupo."

Akamrudishia mdogo wake simu, akachukua kitana, akaendelea kukizunguka kiti.